Hakimiliki haiishii mpakani

Niliporejea nyumbani Rwanda kutoka Karagwe, mtaji wangu ulikuwa redio ya kaseti mbili. Nilinunua kaseti moja halisi upande wa Tanzania, nikaivusha Rusumo, kisha nikarekodi nyingine hamsini. Baadaye nikahamia kwenye CD. Watoto walisoma kwa pesa hiyo, nami sikuona kosa.

Siku moja mwaka 2012, kijana kutoka Ngara alisimama kibandani kwangu akisikiliza.

“Shikamoo mzee. Wimbo huu ni wangu,” alisema kwa upole.

Nilimjibu kwamba CD niliinunua kwa fedha yangu, tena sheria za kwao hazinihusu huku. Hakugomba. Aliniuliza tu nimeuza nakala ngapi. Nilishindwa kutaja, maana zilikuwa nyingi mno. Kumbe mwenyewe alikuwa akitafuta lori la kumpa lifti, kwani nauli hakuwa nayo.

Wiki hiyo nilimuuliza wakili ninayefahamiana naye, nikagundua kuwa nilikosea mara mbili.

Kwanza, anayenunua CD anapata CD yenyewe. Haki ya kuidurufu na kuuza nakala inabaki kwa mwenye kazi.

Pili, mpaka haukunikinga. Rwanda iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1984 na Tanzania mwaka 1994. Kila nchi mwanachama hutakiwa kulinda kazi za wasanii wa nchi nyingine wanachama kama inavyolinda za raia wake. Ulinzi huo hautegemei kuandikishwa, na kwa kawaida hudumu maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Aidha, Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Rwanda ilikuwa na sheria ya mwaka 2009, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na nyingine mwaka 2024.

Wenzangu wa Kobero na Katuna nao wasijidanganye: Burundi ilijiunga na mkataba huo mwaka 2016, Uganda mwaka 2022.

Leo nauza chaja na betri. Ndugu msomaji, ukitaka kuuza muziki au filamu, pata ruhusa ya mwenyewe kwa maandishi, na risiti uitunze. Mimi yule kijana nilimlipia nauli ya kurudi Ngara. Nakala zake sijazilipa mpaka leo, wala sikumwona tena.