Maji ya Upare, umeme wa Pangani: mwanasheria apata soko

SAME: Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba huhesabu mbegu, vibarua na nauli ya lori. Gharama moja huisahau: kibali cha maji.

Vijito vya Upare Kusini huingia Mto Mkomazi, nao humwaga maji Pangani. Huko chini ipo mitambo ya TANESCO: Hale, megawati 21, tangu miaka ya 1960, na Pangani, megawati 68, tangu 1995. Anayefungulia ndiva asubuhi na anayezungusha mtambo wanagawana maji yale yale.

Hapo ndipo mwanasheria wa mazingira anapopata kazi. Akiwa serikalini, huandaa kanuni na kupitia maombi. Akihamia ofisi binafsi, huwaongoza wawekezaji wa umeme kwenye mlango ule ule aliokuwa akiulinda. Mtaji wake ni kuujua utaratibu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali cha bodi ya bonde.

Sheria ya Umeme ya 2008 inausamehe leseni mtambo wa chini ya megawati 1. Msamaha huo haugusi maji. Anayenunua hisa za mtambo usio na kibali cha maji amenunua chuma tu.

Kwa wakulima ushauri ni mmoja: waungane katika jumuiya ya watumia maji, waombe kibali mapema. Kampuni ya umeme huja na wakili wake.