Hatari ya basi la shule iko mlangoni

Ikitajwa ajali ya basi la shule, wengi tunakumbuka Karatu, Mei 6, 2017, wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walipofariki dunia. Lakini ipo hatari ya kila siku, hatua chache tu kutoka nyumbani: mtoto anaposhuka.

Dereva aliyekaa juu hamwoni mtoto mfupi aliyesimama karibu na bampa. Mtoto wa darasa la kwanza naye hajui kukadiria mwendo wa bodaboda inayolipita basi. Mzazi, usimwite ukiwa ng'ambo ya barabara, ataikimbilia sauti yako. Mpokee mlangoni. Hii tabia ya dereva kupiga honi na kuondoka kabla mtoto hajavuka inaniudhi sana.

Akigongwa kichwani kisha akatapika au akasinzia isivyo kawaida, mwahishe hospitali, hata kama alikuwa akicheza.

Kama basi linashushia kwenye kona, anzeni na shule, kisha mwenyekiti wa mtaa na diwani walifikishe halmashauri. Matuta na vivuko vya barabara za mitaa ni kazi ya TARURA. Barabara kuu ni za TANROADS. Andikeni barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.