Vimondo vya Jauza: Nyota Zisizoanguka katika Anga ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Kila mwaka, usiku wa tarehe 13 kuamkia tarehe 14 Desemba, anga ya Kericho na Bomet hupitiwa na michirizi ya mwanga ambayo wengi huiita nyota zinazoanguka. Mchumaji wa majani chai anayerauka kwenda shambani huenda akauona mmoja, akaunyoshea kidole, kisha akaendelea na safari yake. Mwanafunzi naye husoma habari hizo shuleni kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sayansi nchini Kenya. Akitakiwa kumweleza nyanya yake kwa Kipsigis, au jirani yake kwa Kiswahili, hukwama. Makala haya yanaeleza tukio hilo na namna linavyoweza kutazamwa katika eneo la chai. Aidha, yanadhamiria kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kulielezea, mradi yatumiwe kwa uangalifu.

Kimondo ni kipi?

Neno la msingi ni kimondo. Katika mwambao, neno hili limefungamana na imani ya Kiislamu: kimondo ni kijinga cha moto wanachorushiwa mashetani wanaojaribu kudukiza habari za mbinguni. Huko Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, Kimondo cha Mbozi si mwanga hata kidogo, bali ni bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Ni dhahiri basi kwamba neno moja limebeshwa mizigo miwili: mwanga unaopita na kitu kilichotua.

Wanaastronomia hutenga mambo matatu: kitu kingali angani, mwanga wake kinapoungua, na mabaki yake yakifika ardhini. Kiswahili chaweza kufanya vivyo hivyo bila taabu: chembe ya angani, kimondo, na jiwe la kimondo. Kwa mgao huu, kilichoanguka Rumuruti, Laikipia, mwaka 1934, na kilichoanguka karibu na Thika mwezi Julai 2011, ni mawe ya vimondo. Jiwe la Rumuruti lilikuwa na sifa za pekee, hata kundi zima la mawe ya aina hiyo duniani likaja kupewa jina la mji huo.

Vimondo vya Desemba havifikishi jiwe ardhini. Chembe zake, nyingi zikiwa ndogo kama punje za mchanga, huingia katika angahewa kwa kasi ya kilomita 35 hivi kwa sekunde. Hewa iliyo mbele ya chembe hugandamizwa na kupata joto kali. Chembe nayo hugeuka mvuke unaong'aa, takriban kilomita 100 juu ya vichwa vya watazamaji. Hivyo basi, hakuna nyota iliyoanguka. Nyota zote zingali mahali pake.

Chembe zenyewe zinatokana na asteroidi iitwayo Phaethon, iliyogunduliwa mwaka 1983 kupitia picha za setilaiti ya IRAS. Asteroidi hiyo hulizunguka jua kwa muda wa mwaka mmoja na miezi mitano hivi, na njia yake imejaa chembe zilizotoka kwake. Dunia hukatiza mkondo wa chembe hizo kila Desemba; ndiyo maana tarehe haibadiliki sana.

Jina la Jauza

Vimondo hivi huonekana kana kwamba vinatoka sehemu moja, karibu na nyota ya Castor katika kundinyota la Mapacha. Waswahili walilijua kundi hili kitambo kwa jina la Jauza, mojawapo ya buruji kumi na mbili za elimu ya falaki. Siku hizi jina hilo husikika zaidi kwa watabiri wa nyota, ilhali lingefaa pia darasani.

Kutoka sehemu moja huko ni kiinimacho. Anayesimama katika shamba la chai huona vijia vya wachumaji vikisogeleana kadiri vinavyokwenda mbali, ingawa havikutani kamwe. Chembe za Jauza nazo husafiri sambamba. Umbali ndio unaozifanya zionekane zimetoka katika ncha moja.

Namna ya kutazama

Kericho na Bomet ziko karibu na mstari wa ikweta, upande wa kusini. Usiku huo, Jauza huchomoza kaskazini-mashariki mwendo wa saa mbili na nusu usiku, na hufika juu kabisa, upande wa kaskazini, yapata saa nane na nusu. Wakati huo, mwezi ukiwa haupo na anga ikiwa safi na nyeusi, vimondo huweza kukaribia 100 kwa saa; penye taa au mawingu, hesabu hushuka mno. Jina mvua ya vimondo lisimpotoshe mtu anayeijua mvua ya Kericho. Vimondo huja kimoja kimoja, wakati mwingine dakika kadhaa zikapita patupu. Pengine manyunyu ya vimondo ni istilahi inayofaa zaidi.

Upande wa mashariki umeinuliwa na Msitu wa Mau, na kwingi mikalitusi inayopandwa kwa ajili ya kuni za viwanda huziba upeo. Mtazamaji atafute uwanda ulio wazi, ajitenge na taa za kiwanda, na ayape macho yake angalau dakika 20 kuzoea giza. Darubini haihitajiki, kwani huonyesha kipande kidogo tu cha anga. Kinachohitajika ni blanketi zito, maana baridi ya huko haina mzaha, pamoja na subira, kwa kuwa ukungu huweza kutanda wakati wowote. Ikumbukwe pia kwamba saa nane za usiku huo tayari ni tarehe 14; anayengoja usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 huenda akawa amechelewa kilele.

Hitimisho

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka cha angani naye sharti ainue uso. Mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa ziada, yaani kukitaja alichokiona kwa jina linalokifaa. Mtoto wa Kericho akiambiwa kwamba nyota imeanguka, atahesabu nyota kesho yake na kukuta hazijapungua. Akiambiwa kwamba chembe kutoka mkondo wa Phaethon imeungua na kuacha kimondo, atakuwa ameielewa sayansi kwa Kiswahili, na ataweza kumsimulia nyanya yake.