Diski yenye Nafasi Inapokataa Faili

Askari aliyepata kuhudumu boharini aijua kadi. Buti, blanketi na debe la rangi haviingii rafuni mpaka viandikiwe kadi. Kadi zikiisha, mtunza bohari huwa amekwama, hata kama rafu ni tupu.

Ndivyo zilivyo kompyuta zinazoendeshwa kwa Linux, mfumo uliojengwa kwa mfano wa Unix, ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuibuni mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani. Kadi ya faili huitwa inodi. Humo huandikwa mwenye faili, ruhusa za kuisoma, ukubwa wake na mahali yalipo maandishi yake. Jina halimo, hukaa katika saraka.

Katika ext4, mpango wa diski unaotumika sana, idadi ya inodi huamuliwa siku diski inapotayarishwa: kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Sehemu ya gigabaiti 100 hupata inodi zipatazo 6,550,000, wala haziongezeki isipokuwa sehemu yenyewe ipanuliwe.

Tupige hesabu. Faili ya mstari mmoja huchukua kilobaiti 4. Programu ikimwaga faili ndogo za namna hiyo, kadi zitakwisha wakati robo tu ya diski imejaa. Kituo cha polisi kinachotunza taarifa zake humo hakitaweza kufungua jalada jipya hata moja, na kompyuta itashikilia kwamba nafasi imekwisha. Fundi atatumia amri df -h, ataona robo tatu ni tupu, kisha atamlaumu muuzaji wa diski! Yampasa kutumia df -i, inayohesabu inodi, halafu du --inodes imwonyeshe saraka iliyofurika. Mara nyingi ni foleni ya barua pepe zisizotumwa, au mabaki ya programu ambayo hakuna aliyeamriwa kuyafagia. Kufuta filamu moja kubwa hakusaidii. Hurudisha kadi moja tu.

Afadhali saraka ya /var, inayopokea vurugu hizo, itengewe sehemu yake ili isizibe mfumo mzima. Wengine huchagua XFS, ambayo hutengeneza inodi kadiri zinavyohitajika. Anayebaki na ext4 aweza kuagiza, siku ya kutayarisha diski, inodi moja kwa kila baiti 4,096. Bei yake ni hii: kila inodi hula baiti 256, hivyo katika gigabaiti 100, zaidi ya 6 zitakuwa za kadi tupu.