Chombo Kilichotoka Ugogoni

Ufukweni Bagamoyo, mtu akitaja "chombo" bila kufafanua, ujue anasema jahazi au mashua. Fundi yuko kivulini na tezo yake anachonga taruma, na kijana wake anapiga kalafati: pamba iliyochovywa mafuta inashindiliwa katika kila mwanya wa mbao, hadi maji yakose pa kupenyea. Ila katika mji huohuo wapo watu ambao ukiwaagiza chombo watakuletea ilimba, chombo cha muziki. Hao ni kina Zawose, Wagogo wa Mkoa wa Dodoma, ambao asili yao iko mbali sana na bahari. Wa pwani wana koo zao za mafundi wa majahazi. Ugogo ina ukoo huu wa wanamuziki.

Njia waliyojia ni ya zamani, isipokuwa wao waliipita kinyumenyume. Karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, na ikifika Ugogo ilikuta nchi kavu yenye visima vyenye wenyewe. Wasafiri wa Kizungu walipita huko, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, na wote wawili walitozwa hongo na watemi wa Kigogo, kisha wakaenda kulalamika vitabuni. Mimi siwaonei huruma. Nchi inayopata mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, na miaka mingine isiipate, haiwezi kugawa maji bure kwa msafara wa mamia ya watu na punda wao. Wazee wa Ugogo bado wanaitaja Mtunya, njaa iliyowapiga kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuu kubeba ng'ombe, nafaka na vijana.

Humo ndimo alimozaliwa Hukwe Zawose, mwanamuziki wa ukoo huo, mwaka 1938. Nyumba ya Mgogo wa wakati ule ni tembe, paa bapa la udongo, chumba kimeshikana na chumba kuzunguka ua wa mifugo. Ukiingia unasema "Mbukwenyi," na unaitikiwa kutoka pande zote kabla hujajua nani yuko wapi. Muziki nao ulikaa hivyohivyo, umegawanywa kama kazi za nyumba. Muheme, ngoma ndefu iliyobinywa kiunoni, ni ya wanawake. Huibana mapajani na kuipiga kwa viganja, hasa siku za kuwatoa wari. Zeze na ilimba vilishikwa na wanaume. Msunyunho huimbwa na kundi zima, sauti juu ya sauti, bila mtu kupangiwa yake. Mtoto hakupelekwa popote kusomea mambo haya. Aliyakuta yanaendelea, akaingia.

Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Hukwe Dar es Salaam. Taifa jipya lilikuwa likikusanya ngoma zake, na mtu huyu mwenye sauti iliyoweza kushuka hadi kooni na kupanda kama ya mwanamke alikuwa wa kukusanywa kwanza. Mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo tunakiita TaSUBa, na Hukwe akawa miongoni mwa nguzo zake. Akatia nanga huko, kama wasemavyo wenyeji wake wapya. Wajomba, wapwa, wake na watoto wakafuata, na kijiji cha Kigogo kikaota karibu na minazi. Kuna waandishi wanaomweleza kana kwamba aliutoa muziki wote kichwani mwake. Sidhani hata yeye angelikubali hilo. Alipokwenda Ulaya alikwenda na mpwa wake Charles, na nyuma yao palikuwa na ukoo uliojaa ua.

Tukiangalie chombo chenyewe. Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye uwazi ndani, na juu yake vimepangwa vijiti vya chuma, mara nyingi misumari iliyopondwa ikawa bapa. Ili kulinganisha sauti ya kijiti, unakisogeza mbele au nyuma kwa kukigongagonga, sikio likiwa karibu. Fundi wa jahazi hupima kwa jicho, huyu hupima kwa sikio, na wote wawili hawana mchoro. Jambo lililonishangaza nilipolielewa ni hili: vijiti vingine havichezwi kabisa. Dole gumba halivifikii wala halivikusudii. Vimewekwa ili jirani zao wakiguswa navyo vitetemeke, na ule mvumo unaousikia nyuma ya wimbo unatoka kwavyo.

Hukwe alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Charles hakumaliza mwaka uliofuata. Wengi walidhani yamekwisha. Msafiri, mwana wa Hukwe, akaendelea, akatoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017, jina ambalo kwa ukoo huu halihitaji maelezo. Kisha 2024 ikaja Maisha, ya Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wanaojiita The Zawose Queens. Wanawake wa ukoo walikuwa wakiitikia nyuma na kupiga muheme; hawa wawili wanaongoza wimbo, na ilimba na zeze wameshika wenyewe. Nimesikia wakisemwa kwamba wameivunja mila. Mimi naona waliokuwa wakitetemeka pembeni miaka yote walikuwa wanaujua kila wimbo, basi zamu ilipofika hapakuwa na cha kufundishwa.

Kuna kitu kimoja ambacho fundi wa jahazi hawezi kukikubali. Kwenye uso wa ilimba hutobolewa tundu kwa makusudi, na halizibwi kwa pamba wala kwa lami. Hubandikwa utando mweupe, ule mwembamba ambao buibui huutengeneza ukutani kufunikia mayai yake. Vijiti vikilia, utando unavuma kama nyuki ndani ya mzinga, na bila mvumo huo Mgogo atakwambia chombo hakijakamilika. Utando huchanika upesi, na hakuna duka linalouuza. Ukichanika, mtoto mmoja anatumwa akatazame nyuma ya mlango.