Rosy Aliyefungiwa Mlango

Sinema ya Kimalayalam, lugha ya watu wa Kerala huko kusini mwa India, husifiwa kwa hadithi zilizo karibu na maisha ya watu wa kawaida. Chemmeen ya 1965, kisa cha wavuvi, ndiyo filamu ya kwanza ya kusini kupata nishani ya dhahabu ya Rais. Mwanzo wa sinema hiyo, ndugu msomaji, hausifiki vivyo hivyo.

Filamu ya kwanza, Vigathakumaran, ilitengenezwa na J. C. Daniel, aliyeuza mali yake kuigharamia. Mhusika mkuu wa kike aliigizwa na P. K. Rosy, kibarua wa tabaka ambalo wakubwa waliliona najisi. Naye aliigiza mwanamke wa tabaka la juu. Kosa likawa hilo. Hakuruhusiwa hata kuingia ukumbini kujitazama. Skrini ilirushiwa mawe, naye akalazimika kukimbia kwao. Hakuigiza tena. Filamu yenyewe ilipotea.

Mwaka 2017, baada ya mwigizaji mmoja kutekwa nyara na kudhulumiwa, wanawake wa sinema hiyo waliunda umoja wao na kudai uchunguzi. Ripoti ya kamati ya Jaji mstaafu Hema ilikabidhiwa serikali ya jimbo mwishoni mwa 2019, ikawekwa kabatini hadi Agosti 2024. Ilieleza unyanyasaji na, jambo dogo lisemalo mengi, wanawake kufanya kazi kutwa pasipo choo wala mahali pa kubadilishia nguo. Siku chache baadaye, kamati kuu ya chama cha waigizaji ilijiuzulu yote.

Umoja huo wa wanawake una klabu ya filamu. Wameiita kwa jina la Rosy.