Niuroni, njeo na toni ya Kikurya

Niuroni ni seli ya neva inayopokea na kupeleka ishara. Isichanganywe na neva yenyewe, ambayo ni fungu la nyuzi za seli hizo. Ubongo wa mtu mzima una niuroni zipatazo bilioni 86, na hakuna hata moja inayojua sarufi. Kama sarufi imo humo, imo katika miungano baina yao.

Mwaka 1990 Jeffrey Elman alifundisha mtandao mdogo wa kompyuta kazi moja tu: kutabiri neno linalofuata. Kwa kuwa kila hatua ulirudishiwa hali yake ya hatua iliyotangulia, mtandao ule ulitenga nomino na vitenzi bila kuambiwa kuwa vipo. Msemaji wa Kiswahili anaifahamu kazi hiyo: akisikia "viti", tayari anangoja "vile", "vyangu", "vimevunjika".

Lakini je, ubongo hutabiri neno kwa neno? Hapa Tarime na Serengeti wana la kutufunza. Katika Kikurya, toni ya juu ya kitenzi haikai mahali pamoja. Huhesabiwa kwa mora, yaani kipimo cha uzito wa silabi (irabu fupi moja, ndefu mbili), kuanzia mwanzo wa shina pamoja na kiambishi cha mtendwa, kikiwapo. Njeo ndiyo huamua toni ianzie mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Tendo lililo karibu kuanza hudai ya nne. Basi kitenzi kikiwa kifupi mno, kama "kula", hesabu huvuka mpaka wa neno, na toni hutua kwenye shamirisho linalofuata.

Mtandao wowote unaodaiwa kuiga ubongo sharti uweze kuhesabu hivyo, tena ukishikilia njeo huku neno jingine limekwisha kuanza. Ukilishwa maandishi yasiyo na alama za toni, hautaliona jambo hilo kamwe. Nadharia nyingi za sentensi ubongoni zimejengwa juu ya lugha za Ulaya, nami naona huo ni msingi mwembamba.

Walimu nao wapime kauli yetu ya darasani kwamba njeo hubebwa na kitenzi. Kwa Kiswahili inatosha. Mwanafunzi wa Tarime, akisema nyumbani kwamba wako karibu kula ndizi, sehemu ya njeo huiweka juu ya ndizi.